Milioni Moja na Moja

Harufu ya iliki kutoka kwenye sufuria ya chai ndiyo iliyoniambia kuwa ni Jumamosi. Tulikaa Penrith, ughaibuni, na baridi ya asubuhi iligandisha majani uani, lakini jikoni kulikuwa na joto, vitumbua, na baba akinisubiri na daftari. Kule kwetu Morogoro, baba alikuwa mwalimu wa hesabu. Hapa alipanga makasha kwenye ghala moja la Smithfield, na Jumamosi alirudi kuwa mwalimu, akinifundisha Kiswahili mimi peke yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mbishi kweli kweli, na kila alichouliza nilimjibu kwa Kiingereza. Wenzangu saa hizo walikuwa uwanjani wakicheza netiboli. Nilitamani kuwa nao hadi machozi yananilenga.

Siku moja baba akachoka kubishana. Akaandika 1,000,001. "Nithibitishie kwamba hii ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, nami nafunga darasa. Ila kila hatua uitamke kwa Kiswahili." Nikifika elfu bila kupata kigawo nimeshinda, alisema, kwa kuwa namba mbili zikizidi elfu zote, zao lake litapita hapo. Nikaanza. Kwa tatu, ikabaki mbili. Kwa saba, mbili. Kwa kumi na moja, mbili. Kumi na tatu, mbili tena. Nikaona namba hii ina ukaidi kama wangu, nikaipenda. Nilipolalamika mkono unauma, baba alinisogezea kitumbua akasema, "Mtaka cha uvunguni sharti ainame, mama." Jumamosi zikapita hivyo, mimi nikigawanya kwa sauti, yeye akinisahihisha, na Kiingereza kikasahaulika mezani bila mtu kukifukuza.

Kisha nikafika mia moja na moja. Haikubaki kitu. Nikarudia: 9,901 kamili. Baba alikuwa amenipa mgongo akikoroga chai. Ningesema tu imebaki moja, ningeendelea kuuwinda uhuru wangu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo niliiona inatosha kabisa kunifikisha uwanjani. "Baba, imegawanyika." Akageuka, akalitazama daftari, akatabasamu kama ambavyo sikuwa nimemwona akitabasamu tangu aanze kazi ghalani. "Hilo nililijua. Nilichokuwa sijui ni kama utaniambia. Haya, darasa limefungwa. Nenda kacheze." Nilivaa raba nikatoka mbio, hata chai sikumaliza.

Leo nafanya kazi ofisini katikati ya jiji, na kompyuta yangu hutaja vigawo vya namba kama ile kabla sijakaa vizuri kitini. Baba amerudi Morogoro, mzima wa afya. Kwenye simu tunaongea Kiswahili mwanzo mwisho, naye hunitania kwamba naongea kama mtangazaji wa redio. Nimeridhika, sidai kitu. Lakini ningerudishiwa asubuhi ile, ningemdanganya mchana kweupe: ningesema imebaki moja, ili tuendelee, yeye na mimi, mpaka elfu.