Sakafu ya Kijakazi

Kijakazi ni jirani yangu hapa Lindi, msuka mikeka tangu tuko wasichana. Yeye anasuka ukili, ule mshipi mrefu wa majani, mimi nashona mishipi iwe mkeka. Maneno pia nasema mimi, maana yeye hana.

Biashara na nje ilipofunguliwa, maduka yakajaa mikeka ya plastiki kutoka ng'ambo, ina maua kama keki, na ukiikalia mchana inakuganda mapajani. Watu wakaipenda hivyo hivyo. Hata Mwanahija, binti wa pekee wa Kijakazi, alipochumbiwa na kijana wa Mingoyo alisema:

"Mama, usijisumbue kunisukia. Wakwe watasema nimetoka shamba. Nimeshaahidiwa wa plastiki."

Kwetu mkeka wa harusi anausuka mama. Binti akiondoka bila huo, watu huuliza kama mama yupo hai. Kijakazi akamuuliza:

"Na nikikusukia ambao Lindi nzima haijauona?"

"Nitautazama. Ukinipendeza nakwenda nao. Usiponipendeza, bakia nao."

Angekuwa wangu huyo, angeolewa shavu limevimba.

Siku zile kijana mmoja wa Kimakonde, Klementi, ndiyo kwanza kafungua duka la intaneti karibu na stendi, kompyuta mbili na feni moja. Ilisemwa kwamba humo unaona kitu chochote cha duniani. Kijakazi akanivuta mkono, tukaingia.

"Shikamooni, mama zangu. Mnatuma barua pepe?"

"Marahaba," Kijakazi akajibu. "Tunataka kuona mikeka."

"Mikeka?"

"Ya kwingine. Ya hapa naijua, nimeisuka mimi."

Klementi akacheka, lakini akatafuta. Picha ikaja polepole, kuanzia juu, mstari baada ya mstari.

"Tazama," Kijakazi akaninong'oneza, "nayo inasukwa."

Ilipokwisha kushuka tukaona nyota nyeupe, za bluu na za rangi ya tope, zimeshikana mikono mpaka ukingoni. Nikauliza pameandikwa nini chini yake.

"Kiingereza kirefu hicho, mama. Lakini si mkeka huo?"

"Mkeka," akasema Kijakazi. "Na aliyeusuka hakuwa na mchezo."

Klementi akatutolea picha kwenye karatasi, nyeusi na nyeupe. Rangi Kijakazi akazibeba kichwani. Ukindu, majani ya kusukia, tukauagiza kutoka Rutamba, akauchemsha na rangi, akaanza. Balaa likaniangukia mimi. Mikeka yetu kila ukili una pambo lake, unaunga tu na mwenzake. Huu nyota zilipasuliwa katikati, nusu ukili huu, nusu ule. Sindano ikiteleza kidogo, nyota inapinda shingo. Nilishona, nikafumua, nikashona.

"Umetuletea adhabu," nikamwambia.

"Fumua hapo tena, shoga. Inachungulia pembeni."

Tulipomaliza, harusi ikiwa kesho yake, Klementi akaja mbio, jasho linamtoka.

"Mama zangu, nisameheni. Mwalimu Debora kanisomea yale maandishi. Ule si mkeka. Ni sakafu. Vipande vya mawe, kwenye jumba la kale huko mbali."

Mimi nikafunga mlango. "Klementi, ukilisema hili kwingine nakukata masikio. Bi Tawakali akisikia, tumekwisha." Bi Tawakali ni shangazi wa bwana harusi, na ulimi wake unaushinda wangu. Angemcheka Kijakazi, na Mwanahija angekimbilia plastiki yake.

Kijakazi alikuwa anautazama mkeka. "Mawe?"

"Mawe, mama."

"Ndiyo maana kona zilikuwa zinanigomea!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Nilimbembeleza usiku ule anyamaze. Hakunisikia. Siku ya pili, vyombo vya bibi harusi vilipotandazwa mbele ya wakwe, akaukunjua mkeka wake pembeni ya ule wa plastiki, akasema mwenyewe:

"Huu nimeuiga kwenye kompyuta. Nilidhani ni mkeka. Kumbe ni sakafu ya mawe."

Bi Tawakali akainama, akapitisha kiganja akitafuta maungio. Hakuyapata, na nitamkumbusha mpaka nizikwe.

"Kwa hiyo mwenzetu anakuja na sakafu yake?" akauliza.

"Tena ya kukung'uta," nikamjibu.

Vicheko vikapasuka. Mwanahija yeye hakucheka. Alivua viatu, akaja, akagusa nyota ya katikati kwa kidole.

"Mama, mawe haya umeyapindaje?"

"Nisingeyapinda kama ningejua."

Akaketi pale pale juu ya nyota, na shela lake, na hakuinuka mpaka gari lilipoitwa. Dereva alitaka kuufunga mkeka juu, pamoja na kabati.

"Huo nipe mimi," Mwanahija akamwambia.

Akaupakata. Kwa kuwa ulimzidi urefu, ncha yake ilichomoza dirishani njia nzima ya Mingoyo.