Mwaka Binti Yangu Alipojua Kusoma

Shule zilipofunguliwa mwezi wa kwanza, wazazi wa darasa la pili tuliitwa kikaoni. Nilitoka moja kwa moja mashineni, nyusi zimejaa unga. Kazi yangu ni kuendesha mashine ya kusaga nafaka pale Maisaka. Nilikaa benchi la mbele kwa sababu ya masikio. Miaka kumi na moja kando ya injini imeyachosha, na mtu akisema na mimi kwa sauti ya kawaida ninaona midomo tu.

Mwalimu wa darasa, mama mmoja mfupi, alikuwa na sauti ya kufika uwanjani, kwa hiyo nilimsikia vizuri.

"Mwaka jana walikuwa wanatamka silabi," alisema. "Mwaka huu watasoma. Watasoma sentensi, kisha hadithi, na waelewe wanachosoma. Wataandika imla. Mwisho wa mwaka kuna upimaji wa taifa, kusoma, kuandika na kuhesabu. Na huko nyumbani msishangae. Meno yatang'oka, maswali yataongezeka, na hakuna karatasi watakayoiacha."

Wazazi tulicheka. Nilikariri yote nikamweleze mke wangu, maana vikao vya shule kwa kawaida alikuwa anakwenda yeye. Hakuja kwa sababu tumbo la chini lilikuwa linamuuma tangu Krismasi.

Tulikuwa na mtoto mmoja tu, huyo binti. Alikuwa na miaka saba, mwembamba, msemaji. Mwezi wa pili haujaisha alikuwa anasoma mji mzima. Tukitoka kanisani Bagara anasoma mabango ya saluni, maandishi ya nyuma ya bajaji, maonyo ya kutokukojoa kwenye kuta. Alikuwa anasimama njiani, kidole hewani, anaunganisha silabi moja moja mpaka neno linatoka, halafu anageuka kunitazama kama vile amelizaa yeye. Nilijiona tajiri. Mimi niliishia la saba kwa kusukumwasukumwa, na kusoma kwangu ni kwa taratibu mpaka leo.

Sasa ni lazima nieleze jinsi mimi na mke wangu tulivyokuwa tunasema mambo yetu. Nyumba yetu ni vyumba viwili, haina dari. Mtu hawezi kuninong'oneza. Akitaka nisikie, jirani naye atasikia. Kwa hiyo mke wangu alizoea kuniandikia. Anachana ukurasa wa daftari kuukuu, anaandika mistari miwili, anauweka chini ya sahani yangu ya chakula. "Jirani wameachana, usimuulize mkewe." "Kesho usivae shati hilo, limetoboka kwapani." Ninasoma, ninatikisa kichwa, ninakitupa kikaratasi jikoni kwenye moto. Mtoto amekaa hapohapo anakula. Kwa miaka yote hiyo kikaratasi kilikuwa kwake kama jani tu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mwaka huo umebadilika.

Maumivu ya mke wangu hayakuisha, na damu ilianza kumtoka siku zisizo zake. Hospitalini walimkata kinyama kidogo wakakipeleka kupimwa mbali. Tulisubiri majibu wiki tano. Mvua za masika zilikuwa zimekolea, na siku aliyokwenda kuyachukua alirudi amelowa mpaka kwenye mifupa. Alibadili nguo, akapika, akapakua. Chini ya sahani nilikuta hivi:

"Majibu yametoka. Ni saratani ya kizazi. Usimwambie mtoto."

Nilikisoma mara mbili. Yeye alikuwa anamnyooshea mtoto ukosi wa sweta. Nikakikunja kile kikaratasi, nikakitia mfuko wa shati. Siku hiyo tu, kati ya siku zote, sikukitupa motoni.

Wiki hiyo tulijitahidi kuwa watu wa kawaida. Mke wangu alisimulia vichekesho vya sokoni na mimi nilicheka. Tulidhani tunaficha vizuri.

Jumatano iliyofuata mwalimu alinipigia simu niende shuleni. Alinipeleka pembeni ya darasa, akanisogelea sikioni.

"Baba, samahani. Leo niliwaambia watoto wanitajie maneno yanayoanza na 'sa'. Mmoja akasema sabuni, mwingine sahani. Binti yako akanyoosha mkono akasema saratani. Nikamuuliza amelitoa wapi. Akasema, 'Ni kitu alichonacho mama.' Je, ni kweli?"

Niliitikia kwa kichwa. Mwalimu akanishika mkono, akasema pole.

Nilifikiria neno lile njia nzima ya kurudi. Sa, ra, ta, ni. Hakuna silabi nyepesi kuliko hizo. Ndizo wanazoanza nazo darasa la kwanza, zimeandikwa ukutani kwa rangi. Laiti ugonjwa ungekuwa na jina gumu, angekwama.

Jioni hiyo nilimkuta uani akiosha viatu vyake vya shule. Nilimuuliza kama alichukua karatasi kwenye shati langu.

"Nilikuwa namsaidia mama kutoa nguo za kufua," alisema. "Ilikuwa mfukoni." Halafu akauliza, "Mliandika usimwambie mtoto. Mtoto ni mimi?"

Hapa ndipo nilipokosea, na nimelirudia kosa hili kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Badala ya kuchuchumaa na kumjibu, nilifoka. Nilimwambia asisome vitu visivyo vyake. Nilimwambia kusoma kusoma huko kutamponza. Kwa masikio yangu haya mimi sijui ninavyofoka, lakini nilimwona akirudi nyuma hatua mbili, kiatu mkononi, maji yakimchuruzika kwenye kiwiko.

Tangu siku hiyo aliacha kusoma.

Mwanzoni sikugundua. Nilikuwa na mambo ya rufaa ya mama yake kwenda hospitali kubwa, na bibi mzaa mama alikuwa ameshuka kutoka Mbulu kuja kutusaidia. Ni mwalimu aliyeniambia. Mtoto akiitwa ubaoni anasimama, anatazama maneno, ananyamaza. Imla anaandika, hesabu anafanya, lakini sauti haitoki. Njiani alipita mabango yote macho yakiwa kwenye vumbi. Ripoti ya mwezi wa sita ilisema kwa wino mwekundu, "Kusoma: bado hajamudu." Nilikaa nayo nje ya nyumba nikaona aibu. Mtoto aliyekuwa anasoma mji mzima.

Mke wangu alikuwa tayari amepelekwa hospitali ya mbali kwa ajili ya mionzi, wiki saba. Nilimweleza kwa ujumbe wa simu, maana kuongea kwenye simu mimi na yeye tulishashindwana zamani. Nilimwandikia kila kitu, kikaratasi, mwalimu, na jinsi nilivyofoka. Ilinichukua saa nzima kuandika. Jibu lilikuja fupi: "Mpe simu yeye. Nitakachoandika ni chake, si chako."

Nilimwita binti. Bibi yake alikuwa anachambua mchicha mlangoni. Nikampa simu yangu ndogo nikamwambia, "Mama amekuandikia wewe." Aliishika kwa mikono miwili, akanitazama kwa muda mrefu kuhakikisha sio mtego.

"Nisome?"

"Soma, mwanangu. Ni yako."

Akaenda nyuma ya nyumba. Nilimwacha. Baadaye, simu iliporudi, niliusoma ule ujumbe, na sioni vibaya kuuandika hapa. Ulisema: "Mwanangu, ni kweli naumwa sana. Ulisoma sawasawa. Baba alifoka kwa sababu ya uoga. Niliandika usiambiwe si kwa kuwa wewe ni mdogo. Niliandika kwa kuwa nilitaka unione mzima kwa siku chache zaidi. Niandikie leo mmekula nini."

Akamjibu: "ugali na mchicha bibi kaweka chumvi nyingi." Hiyo ndiyo barua yake ya kwanza. Kwa wiki zilizobaki walikuwa wanaandikiana kila siku, na mimi nikawa mtu wa kubeba simu tu.

Mke wangu alirudi mwezi wa nane, mwepesi kama mtoto. Nilimshusha kwenye bajaji kwa mikono yangu bila kuhema. Tulisema labda dawa itafanya kazi polepole. Mbaazi zilikuwa zimekomaa katika kashamba ketu ka Nakwa. Mimi na bibi tulikwenda kuvuna, na mchana binti akitoka shule alikaa na mama yake. Alimsomea kitabu cha shule, hadithi ya sungura, hadithi ya mtoto aliyepotea gulioni, kisha anarudia tena. Siku moja nilirudi mapema nikawakuta. Mke wangu alikuwa amefumba macho. Mtoto alikuwa anasoma kwa sauti kubwa mno, ile sauti aliyozoea kuzungumza nayo na mimi.

"Mbona unapiga kelele hivyo?" nilimuuliza.

"Mama amesema ananisikia kwa mbali," alisema.

Mke wangu alifariki mwezi wa kumi, asubuhi, wakati mtoto anavaa sare. Bibi alimkumbatia binti mlangoni asiingie, lakini alikuwa ameshaona. Hakulia. Aliuliza kama aende shule. Bibi akamwambia leo hapana. Binti akavua sweta akaikunja, akaiweka juu ya begi, akarudi kukaa.

Makaburini, watu walipoanza kutawanyika, bibi alibaki amesimama mbele ya msalaba wa mbao. Alizaliwa vilimani, akakulia kuchunga, shule hakupelekwa. Akamwambia mjukuu wake kwa Kiswahili chake cha kuvutavuta, "Nisomee. Wameandika kweli ni yeye?"

Binti akasogea. Aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza na kusoma jina la mama yake lote, la ubatizo, la baba na la ukoo, kisha siku ya kuzaliwa na siku ya kufa. Hakukwama popote. Bibi akaitikia kila neno kwa kichwa. Hapo ndipo mtoto alipolia, na mimi pia.

Wiki chache baadaye alifanya ule upimaji. Mwalimu aliniambia amesoma kifungu chote bila kusimama na amejibu maswali yote ya ufahamu. Nilisema asante. Sikujua niipeleke wapi hiyo habari, maana mtu wa kumpelekea hakuwepo.

Desemba, mvua za kwanza ziliponyesha, tulikwenda shamba kupanda, mimi na yeye. Bibi alikuwa amesharudi Mbulu. Tulikuwa katikati ya mstari aliponivuta shati nimwangalie mdomo.

"Baba, mama alijua kwamba atakufa?"

"Alijua."

"Na wewe?"

"Nilijua. Ila nilikuwa sitaki kujua."

Akafikiri. "Mimi nilivyosoma nilijua. Lakini nikawa nawaona mnacheka. Nikasema labda nimesoma vibaya."

Niliacha jembe, nikapiga goti pale kwenye udongo. Nilimwambia hakusoma vibaya hata silabi moja. Nilimwambia aliyekosea ni mimi, kwa sababu niliogopa, na kwamba nilipaswa kumwambia siku ileile uani. Alinisikiliza akiwa amefumbata mbegu. Akasema na yeye aliogopa, akasema viatu havikukauka siku ile na alivivaa hivyohivyo kesho yake. Nikamwambia pole. Akaniambia asante.

Tukaendelea kupanda, mimi nachimba, yeye anatia punje mbili mbili na kufukia kwa mguu, mpaka mwisho wa shamba.