Nilimwambia Dada Yangu Si Carib Tena

Nilimfukuza dada yangu nyumbani kwa neno moja tu, tena mbele za watu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba siku ile nilifurahia.

Mama alipofariki alituachia nyumba ya mbao kilimani, huku kwetu kisiwani Dominika, kwenye ardhi ya Wakalinago, wenyeji wa asili wa kisiwa. Ardhi hii haiuzwi. Ni ya wote, na anayekaa ndiye mwenye nyumba.

Mimi niliitaka peke yangu.

Dada Merina alikuwa ameolewa mjini na mtu wa nje. Mume akafa, naye akarudi na begi moja. Desturi ya zamani inasema mwanamke akiolewa nje, ameondoka. Siku hizi wengi hulifumbia macho jambo hilo.

Mimi nikayafumbua.

Kwenye baraza la chifu nilisimama kifua mbele, nikamnyooshea Merina kidole.

"Huyu si Carib tena."

Watu wakaguna. Jina hilo walitubandika wakoloni, na kwao lilimaanisha mla watu. Nilipokuwa nasoma mjini, wenzangu walificha mikono nikipita, eti nisiwang'ate. Tulihangaika miaka mingi tuitwe Wakalinago. Leo nalitoa mimi, namchoma nalo dada yangu.

"Odelia, mdogo wangu, liache hilo," Merina akasema taratibu. "Utaumia."

"Niumie mimi? Nenda kafie kwa wakwe zako."

Chifu akavaa miwani. "Haya. Umetaka jina la wakoloni, tufuate daftari lao."

Likaletwa daftari kuukuu la vizazi. Merina: Carib. Kidole cha chifu kikashuka hadi kwangu, kikasimama.

"Mtoto wa kuokotwa," akasoma. "Ametoka Marigot, nje ya ardhi hii. Si Carib."

Nikalivuta daftari, nikasoma mwenyewe.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza dada.

"Tangu nina miaka tisa. Mama aliniapisha nisikwambie."

Chifu akafunga daftari. "Kwa kanuni uliyoileta mwenyewe, mnatoka wote wawili: yeye kwa ndoa, wewe kwa damu."

Nyumba wakapewa wengine. Nikamkimbilia Merina njiani, nalia. "Dada, nikufuate?"

Hakugeuka hata kidogo. "Mdogo wangu alikuwa Mkalinago. Wewe sikujui."

Jamani, tusi aliloacha mkoloni usimtukane nalo ndugu yako. Sasa nimepanga chumba Marigot, kwa watu wa damu yangu.

Nao wananiita Carib.