Kiwiko cha Nguzo

Hospitalini walimwita Tulia, na aliyempa jina hilo alikuwa na lake jambo, maana mtu yule hajapata kutulia tangu atoke tumboni mwa mama yake. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za eksirei. Kuanzia asubuhi mpaka saa kumi alisimama nyuma ya ukuta mzito wenye kidirisha, akiwaambia watu maneno yaleyale: tulia, vuta pumzi, izuie, usisogee. Mashine ikishalia, anasema, pumua. Wagonjwa walitulia, wakazuia pumzi, wakapumua kwa amri yake. Yeye huko nyuma alikuwa akigonga kidole ukutani na kuhama mguu huu kwenda ule, kama mtu anayesubiri zamu ya choo.

Siku yake hasa ilikuwa Jumapili. Mtaa wa pili kutoka kwake kulikuwa na ukumbi wenye jukwaa la mbao, na bendi ya watu wa hapohapo, mafundi na makarani na walimu, ilipiga muziki kuanzia saa tisa alasiri mpaka jua likaribie kuzama. Tulia alikwenda na kamera yake ya mtumba, yenye lenzi iliyokwaruzika pembeni. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Alipanda kiti, akashuka, akalala chali chini ya kipaza sauti, akachungulia katikati ya miguu ya mpiga tumba. Mkewe, karani wa shule, alizoea kuwaambia watu wa meza yake kwamba yeye huja ukumbini kusikiliza muziki, na mumewe huja kufukuza nzi.

Miaka sita ya kufukuza nzi ilimwachia picha elfu kumi na moja na ushei kwenye kompyuta ya nyumbani. Ilimwachia na kiburi kidogo, tusifichane. Alipenda kusikia watu wakisema, ukitaka picha ya bendi nenda kwa Tulia.

Kiburi hicho ndicho kilichomponza. Jumapili moja, vyombo vikifungwa, kiongozi wa bendi alimwita pembeni. Huyu alikuwa mwimbaji wao, mama mwenye sauti nene aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, na hata jambo la kawaida alilisema kama anayesahihisha daftari. Akamweleza kwamba Nguzo anaondoka. Nguzo alikuwa mpiga gitaa la besi, mzee fundi viatu, aliyesimama nyuma karibu na ngoma tangu bendi ianzishwe. Jina alilipata kwa sababu hasogei. Wenzake waruke, wacheze, wapige magoti, yeye yupo palepale, kofia kichwani, macho sakafuni. Sasa kifua kilikuwa kinamsumbua, na binti yake alikuwa anamchukua akaishi naye, mbali, safari ya siku mbili. Jumapili ijayo angepiga kwa mara ya mwisho. Fremu mbili zilikuwa zimeshaagizwa, moja ya kutundikwa ukumbini na moja ya mzee kwenda nayo. Kilichobaki ni picha moja tu nzuri ya Nguzo akiwa na besi lake.

“Zipo tele,” Tulia alisema. “Kazi itakuwa kuchagua.”

Jumatatu alipotoka kazini hata viatu hakuvua. Alifungua kompyuta, akaanza kutafuta. Alimwona mwimbaji akitokwa jasho, mpiga saksafoni mashavu yamejaa, mpiga ngoma amefumba macho na fimbo ziko hewani. Wote walikuwepo, kwa mamia. Nguzo hakuwepo. Palikuwa na kiwiko. Akaenda mwaka mwingine, akakuta nusu ya kofia. Mwaka mwingine, shingo ya gitaa ikitokeza ukingoni mwa picha na mkono usio na mwenyewe. Mahali fulani palikuwa na kiatu kimoja kilichong’arishwa vizuri, kiatu cha fundi viatu, nacho kiko pembeni kabisa.

Jumanne akarudia. Jumatano akarudia tena, safari hii akianzia mwisho, kana kwamba picha zingejisahau na kumtoa mzee zikiendewa kinyumenyume. Alikuwa na folda moja aliyoiita Mbovu, ya picha zilizoharibika, ambayo mkewe alikuwa akimsihi kila siku aifute kwa sababu kompyuta imejaa mpaka inakohoa. Akaingia hata humo. Humo ndimo viwiko vilimojaa. Penye miti hapana wajenzi: picha elfu kumi na moja, na mtu mmoja aliyekuwa kila Jumapili mbele ya macho yake hakuwa na hata moja.

Akajieleza mwenyewe, maana mtu akishikwa na aibu huwa wakili hodari. Alisema ukumbi una giza kule nyuma. Akasema ngoma inaziba. Kisha ukweli ukamjia akiwa anapiga mswaki, akabaki na povu mdomoni. Mchana kutwa yeye huwatazama watu waliotulia. Jumapili jicho lake lilikuwa na njaa ya wanaorukaruka, na mzee asiyeruka alimpita kama ukuta. Alijiona mtu mbaya. Chakula alikisogeza pembeni bila kukigusa.

Mkewe aliona. Alimwambia aende kwa kiongozi, akiri, yaishe. Watu hawauawi kwa kukosa picha.

“Nitaipiga hiyohiyo Jumapili,” Tulia alisema. “Nyimbo za mwanzo. Halafu wakati wa mapumziko nakimbia duka la picha pale kona, wanaitoa, naitia kwenye fremu.”

“Na akikuuliza ile ya zamani?”

Alikuwa ameshasimama, anatafuta kitambaa cha kufutia lenzi.

Alhamisi, kama vile dunia imeamua kumchezea, mlango wa chumba cha eksirei ulifunguliwa na Nguzo akaingia, karatasi ya daktari mkononi, kofia chini ya kwapa. Binti yake alitaka kifua kipigwe picha kabla ya safari. Tulia alimwamkia shikamoo kwa sauti iliyopanda juu mno. Akamsimamisha mbele ya bamba la kupigia picha, akamwinua kidevu, akamsogeza mabega. Hajawahi kumkaribia hivyo. Aliona kovu la sindano ya viatu kwenye kidole gumba, na nywele nyeupe sikioni. Maneno ya kukiri yalimfika kooni. Lakini foleni ilikuwa mlangoni, na mtoto wa mtu alikuwa analia kwa mkono uliovunjika, akarudi nyuma ya ukuta wake akasema aliyozoea kusema. Vuta pumzi. Izuie. Usisogee.

Mashine ikalia. Tulia akabaki akikitazama kifua cha mzee kwenye kioo, mbavu zote zimejipanga, moyo uko mahali pake. Picha yake ya kwanza ya Nguzo, na haina uso. Alizama humo mpaka akasikia sauti nyembamba, ya mtu anayebana hewa, kutoka upande wa pili.

“Mwanangu, nipumue lini?”

Alikuwa amesahau kumwambia. Mzee alikuwa bado amesimama wima, macho yamemtoka, kwa sababu hakuambiwa vinginevyo.

Jumamosi kiongozi alimpigia simu kuiulizia picha. Tulia akasema karatasi nzuri zimeisha dukani, kesho lazima. Njia ya mwongo ni fupi, na yake alikuwa akiuona mwisho wake kutoka pale alipokaa. Kiongozi akasema, haya, kesho, kama mwalimu anayejua nani amenakili.

Jumapili alifika kabla ya viti kupangwa. Wimbo wa kwanza ulipoanza hakwenda mbele kama kawaida yake. Alizunguka nyuma, upande wa ngoma. Akainua kamera. Nguzo akapiga hatua moja, taratibu, bila kukosea hata uzi mmoja, akapotelea nyuma ya sahani za shaba za mpiga ngoma. Tulia akahamia kulia, akainua kamera. Mzee akarudi kushoto, akafichwa na spika. Wimbo wa pili ukawa hivyohivyo. Wa tatu alipiga goti, akaambulia kiwiko.

Jasho lilianza kumtoka. Ameshajua, aliwaza. Kiongozi amemwambia, au amehisi mwenyewe, na sasa ananikimbia kwa hasira. Huko mezani mkewe alikuwa ameacha kuzungumza na wenzake, anamfuata kwa macho. Mapumziko yalikuwa yamebakiza wimbo mmoja. Fremu, ambazo Tulia alikuwa amekabidhiwa azitie picha, zilikuwa mezani karibu na mlango, zimefunikwa kitambaa cheupe, tupu, na hakuna aliyejua kuwa ni tupu isipokuwa mtu na mkewe.

Akapanda jukwaani. Hilo halikuwa jambo la kawaida hata kwake. Alipita nyuma ya mpiga tumba akaenda kusimama hatua mbili kutoka kwa Nguzo, uso kwa uso, akainua kamera. Akaona mguu wa mzee unaanza kuinuka kwenda pembeni. Ndipo mdomo wake, ukiwa umeshikwa na hofu, ukatoa maneno pekee uliyoyajua vizuri.

“Usisogee. Vuta pumzi. Izuie.”

Na Nguzo akatii. Mguu ukarudi chini, kidevu kikapanda, kifua kikajaa, akasimama kama Alhamisi mbele ya bamba. Vidole navyo vikatii. Vikaganda juu ya nyuzi.

Wimbo ukaanguka. Hakuna namna nyingine ya kulisema hilo. Magitaa mengine yaliendelea kidogo, membamba, kama meza iliyoondolewa mguu mmoja ambayo bado haijajua. Mpiga ngoma akapoteza hesabu. Waliokuwa wakicheza wakakanyagana. Saksafoni ikatoa sauti ya aibu na kunyamaza, na mwimbaji akageuka, akageuka na mpiga tumba, bendi nzima ikageuka na ukumbi mzima ukanyoosha shingo, wote wakimtazama mtu mmoja ambaye kwa miaka yote hiyo hawakuwa na sababu ya kumtazama. Yeye amejaa pumzi, macho mbele, anangoja. Tulia akabonyeza.

Macho ya mzee yakaanza kulowa.

“Pumua, mzee wangu,” Tulia alisema.

Nguzo akapumua. Akakohoa, akacheka, na hakuna mle ndani aliyewahi kumsikia akicheka. Kisha vidole vikashuka kwenye nyuzi, na wimbo ukainuka kutoka sakafuni ulipokuwa umelala. Watu walipiga makofi mpaka kiongozi akaacha kuimba. Hata wale wasiojua besi ni ipi na solo ni ipi walijua siku ile.

Mengine yalikwenda mbio. Tulia alikimbia mpaka kona, akahema mbele ya mwenye duka la picha, akarudi na karatasi mbili zenye joto bado. Fremu zilipofunuliwa ukumbi uliangua kicheko, kwa sababu kila mmoja alikuwa shahidi: Nguzo katikati, kifua mbele kama askari wa gwaride, na wenzake wa pembeni wamemgeukia midomo wazi. Kiongozi alimtazama Tulia, akatikisa kichwa. Alikuwa ameshapiga hesabu zake na kupata jibu, ila hakulisema.

Jua lilikuwa limeinama walipobaki wawili jukwaani. Mzee alikuwa akilifuta gitaa kwa kitambaa kabla ya kulilaza kwenye sanduku. Tulia alizunguka mara mbili, akafunga waya usiokuwa wake, akaufungua, mwishowe akachutama mbele yake na kusema yote kwa pumzi moja.

“Mzee, nilisema uongo. Miaka sita nimepiga picha hapa na sina yako hata moja. Ya leo tu. Nisamehe.”

Nguzo hakuacha kufuta.

“Utakuwaje nayo, mwanangu? Si kila ukiinua kamera mimi nilikuwa nakupisha?”

Tulia akamtazama asielewe.

“Nikuharibie picha?” mzee akasema. “Wewe unawataka wale wa mbele, mimi niko nyuma nimejaa tu. Nikikuona unakuja najitoa. Wenzangu wananiita Nguzo, hawajui wewe ulivyonihangaisha miaka yote hii.” Akafunga sanduku, akakaza kufuli zake mbili, akamgonga bega. “Leo ndiyo umeniambia nisisogee.”

Wakaachana mlangoni. Asubuhi yake binti alikuja na gari, na mzee akaenda zake na fremu mapajani, ikiwa imefungwa kwa gazeti.

Jumatatu hiyo jioni mkewe alimkuta Tulia mbele ya kompyuta, folda ya Mbovu iko wazi, goti linatikisika chini ya meza kama kawaida. Akashukuru kwamba hatimaye takataka zinafutwa. Lakini Tulia hakuwa anafuta. Alikuwa akizipitia moja moja, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kiwiko kikiwa kimeelekea nje. Kofia iliyoinamishwa ili isizibe. Kiatu kilichong’arishwa, kisigino kikiwa kimeinuka sakafuni, kiko njiani.

Mkewe akainama kuangalia, akaweka kidole kwenye kioo, palepale ukingoni.

“Na huyu, anafanya nini huyu?”

“Ananipisha,” Tulia alisema, akafungua nyingine.