Mshenga Aliyenikuta na Minyoo Yangu

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa nimebakiza mwaka mmoja chuo kikuu, nilirudi nyumbani Ekerenyo nikakuta posa inaningoja. Mwalimu mmoja wa Nyamache, mwenye shamba lake la chai, alitaka mke kabla ya Krismasi. Sharti lake lilikuwa moja: niachane na masomo. Baba alikuwa ameshaitikia.

Nilikuwa nikichunguza minyoo wadogo, hata milimita mbili hawafiki, ambao mhadhiri wangu alirudi nao kutoka ng'ambo. Kijijini walinicheka. “Sisi minyoo tunaimezea dawa, wewe unaisomea!” Nilikasirika, na hasira ile siijutii hata leo.

Mshenga, esigani kama tunavyomwita kwetu, alikuja Jumapili asubuhi, tukaketi naye uani mimi na Baba. Nilikuwa nikiijua kazi yake. Haoi yeye, wala ng'ombe wa mahari si wake, lakini asiposimama katikati koo mbili hazisemezani. Mama alikuwa jikoni akichekecha unga wa wimbi, maana mgeni wa heshima hasongewi ugali wa mahindi.

“Mwanangu,” mshenga akaanza, “hao minyoo wana nini hata wakunyime nyumba yako?”

“Wana washenga, mzee,” nikamjibu. “Ni protini. Zenyewe haziishiki jeni. Husimama na zile zinazoishika, zikaamua isomwe au inyamazishwe. Mnyoo anapokua, seli chache tu hujenga mlango wa kutagia mayai. Nyingine huzuiwa, na washenga hao wanaozuia wako makundi mawili. Ukiondoa kundi moja, lililobaki linatosha, mnyoo anakua vizuri. Ukiondoa yote mawili, anaota milango mitatu, minne, isiyomfaa kitu.”

Alicheka mpaka akajifuta machozi. “Haya, na hapa nani anatuzuia? Baba yako tumeshamalizana naye.”

Nilimtazama Baba. Aliinamia fimbo yake. Hapo niliogopa, sifichi. Nilisema kwamba siolewi, nikarudia kwa sauti, lakini mshenga alitikisa kichwa kama mtu anayesubiri mtoto amalize kulia. Neno la binti halikuwa jibu la kupeleka Nyamache.

Mama akatoka jikoni na ungo wa unga na mtungi wake. Mbele ya mshenga mama wa binti husubiri aulizwe, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

“Huyo mmoja mmemwondoa,” alisema, akimwonyesha Baba kwa kidevu. “Mimi bado nipo. Kawaambie waliokutuma kwamba mtoto wangu ana kazi.”

Mshenga akamgeukia Baba. Baba akaendelea kuitazama fimbo. Mama naye akachuchumaa pale pale uani, akaumimina unga wa wimbi taratibu, akaurudisha wote mtungini, akafunika.

Mshenga akachukua kofia yake.