Jamu ya Entuntunu

"Jana kililipuka tena," Georgina alisema kisimani Kibeta, mtungi wake bado mtupu. "Pwaa! Ndani kwa Kokubanza. Halafu nikamsikia anacheka peke yake."

"Nini kilicholipuka?" mwenzake mmoja akauliza.

"Nijue mimi? Mtu mzima anashinda kwenye mahame ya marehemu Byabato akichuma entuntunu, vitunda vya watoto wachunga mbuzi! Akirudi anajifungia, anachemsha. Chakula gani hicho kinachopikwa mlango umefungwa? Wewe, Mama Buberwa, ndiye jirani yake. Mwangalie mtoto wako."

Penina, ambaye ndiye Mama Buberwa, alimweka mtoto vizuri mgongoni. Maneno yale hakuyapenda, lakini kuyajibu aliogopa. Mtu mmoja akasema wateke upesi, mvua inakuja.

"Mvua hiyo?" Penina akadakia, akifurahi kupata la kusema. "Itakuja pamoja na Kokushubila!"

Wakacheka mpaka Georgina akaweka mtungi chini. Ndivyo walivyosema pale kwa kitu chochote kinachochelewa. Penina alikuwa ameolewa huku kutoka Muleba, mwaka wa tatu sasa, na msemo aliukuta akauchukua, kama alivyoichukua njia ya kisimani. Hakuwahi kuuliza kama Kokushubila ni mtu.

Alipofika kwake alikuta moto umezimika. Mumewe, Lameki, alikuwa kazini Kampala tangu mwaka ule Malkia alipotawazwa, na nyumba ya mtu mmoja haitunzi moto. Akatazama juu ya migomba. Moshi wa karibu ulikuwa wa Kokubanza. Alisimama uani kitambo, mkono umeshika mguu wa mtoto, kisha akaenda.

"Hodi, waitu," aliita kwa heshima. "Naomba moto."

Halafu mlango ukafunguka kidogo. "Ingia upesi ufunge, mwanangu. Nyuki!"

Kumbe nyuki. Walikuwa wamejaa mlangoni, wakifuata harufu ya sukari. Ndani, maganda ya entuntunu yalitapakaa sakafuni, makavu, mepesi kama karatasi, na chungu kilikuwa jikoni kikitokota taratibu, kizito, rangi ya manjano. Kokubanza, ambaye ni mjane, alirudi kwenye mwiko wake. Vidole vilikuwa vinanata mpaka akasalimia kwa kiwiko.

"Ni nini, mama?"

"Jamu. Nilifua nguo kwa masista miaka sita, nikawa naiona kupitia dirisha. Lakini kuona si kupika. Ya kwanza niliitia kwenye kibuyu cha lubisi. Nilikiosha, nikakianika, lakini kibuyu kilichozoea pombe hakisahau. Ikachacha. Siku ya tatu kikatema kizibo mpaka kwenye paa! Ya pili nayo hivyo hivyo, jana. Nilicheka mpaka nikakaa chini." Akakoroga kidogo. "Ukicheka peke yako unanyamaza haraka. Leo nina chupa, nimeiomba dukani Miembeni."

Akachota kwa kipande cha jani la mgomba, akaonja yeye kwanza, kama inavyopasa kabla ya kumpa mgeni, kisha akamnyooshea. Penina alisita. Maneno ya Georgina yalikuwa bado masikioni. Akalamba. Ilikuwa tamu, na chini ya utamu palikuwa na uchachu wa utotoni. Buberwa akanyoosha mkono kutoka mgongoni, na mama yake akamwacha alambe kidole.

"Si ungezila mbichi tu, mama?"

"Si zangu. Binti yangu ndiye mlaji. Alikuwa akitoroka kwenda mahame, anarudi nguo imejaa. Ni miaka kumi na mmoja yuko Mombasa. Ameandika atakuja Noeli, na Noeli entuntunu zimekwisha. Nikasema nimwekee. Kokushubila hapendi kitu kingine kama hizi."

Penina alibaki na kile kipande cha jani mkononi. Utamu ulikuwa bado mdomoni na hakujua aumeze vipi.

"Mwaka juzi pia aliandika," Kokubanza aliendelea, macho kwenye chungu. "Nikatangaza kisima kizima. Nikachinja jogoo, nikaandaa na kahawa ya kutafuna. Waliokuja ni watu wa kisimani tu. Walikula, wakaaga. Nasikia sasa wana msemo."

"Nitawaambia!" Penina alisema kwa haraka, karibu alie. "Kesho nitawaambia ni jamu. Nitamwonjesha hata Georgina. Hawatakusema tena, mama."

Kokubanza alichagua kaa kubwa, akaliweka kwenye kigae, akalifunika kwa majivu lisife njiani. Akampa kwa mikono miwili.

"Usiwaambie. Wakijua ni jamu watauliza ni ya nani; waache waseme ninachemsha sumu. Mwenye sumu wanamwogopa, hawamhesabii siku za kufika Noeli. Nakuomba hilo tu, mwanangu. Na ukisikia wanalitaja jina la binti yangu, wewe usicheke."