Mwavuli Katika Maharage Yangu

Wanawake wenzangu, wake wa madereva, waliwaonea wivu wasichana wa gesti za Makambako. Mimi nilikionea wivu kilima.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa na kila mwenye nguvu anatafuta lori. Mume wangu alisomba mbao kutoka Matembwe hadi Makambako, na nyumba yetu ilikuwa kijijini, nje kidogo ya Njombe. Mzungu mmoja aliyefundisha ufundi misheni alimzoesha kuruka kutoka kilima chetu kwa mwavuli wa kitambaa, na alipoondoka akamwachia. Mwekundu, mpana kuliko paa letu. Tangu hapo sikuwa na Jumapili tena. Jumamosi jioni alirudi na lori, akalala fofofo, asubuhi akabeba furushi lake. Hata chai hakumaliza.

Kuruka hakukuniuma. Kilichoniuma ni adabu yake. Serikali ya kijiji ilimwekea masharti: asiruke kabla ya kumwarifu mwenyekiti, apite juu ya njia yenye miti ya milingoti, asikanyage viazi vya watu, siku ya msiba asiguse mwavuli mpaka marehemu azikwe. Na akiangukia shamba la mtu, auache mwavuli ulipolala, aende kwa mwenye shamba, abishe hodi, aseme alichoharibu, kisha akae mpaka aambiwe nenda. Mwenye shamba akikataa kusamehe, kilima kinafungwa.

Aliyafuata yote! Mtu aliyeingia kwangu bila salamu na kuuliza ugali uko wapi, kule alivua kofia mbele ya kila bibi. Aliwahi kuangukia njegere za mjane mmoja mzee, akashinda kwake mchana kutwa akimpukuchulia mahindi na kupiga soga. Mahindi yangu hakuwahi kuyagusa. Siku niliposikia habari hiyo niliunguza mboga.

"Unamwonea wivu bibi kizee?" aliniuliza, anacheka.

"Ndiyo," nikasema. "Yeye, na njegere zake."

Kisha Jumapili moja upepo ukageuka. Nilikuwa nimetoka misa, namenya viazi uani, nikaona wekundu ule unashuka nyuma ya nyumba, kwenye kishamba nilichopewa na mama yangu. Maharage yalikuwa kwenye maua. Mume wangu akajizoa, akatazama nyumba. Nilidhani atakunja kitambaa chake aingie ndani kama kawaida. Akakiacha kimelala, akazunguka, akasimama kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Hodi."

Niliacha viazi, nikaingia ndani kwa mlango wa uani.

"Hodi hapa. Kamwene, mama," akanisalimu kwa kilugha, kama mgeni.

"Karibu."

Akakaa kwenye kigoda cha wageni, kofia magotini. "Nimeangukia maharage yako. Nimevunja upande wa chini, karibu na mfereji. Naomba unisamehe."

Nilijua kanijia kwa ajili ya kilima chake, na wivu ukanipanda upya akiwa pale pale mbele yangu. Neno langu moja lingetosha kukifunga, Jumapili zangu zikarudi. Lakini zingerudi na nini? Na mtu anayekoroma.

Kwa hiyo sikukataa, na sikumwambia nenda. Nilimsogezea ungo wa mahindi, akaanza kupukuchua. Akaniuliza mguu wa mama yangu unaendeleaje. Tangu masika hakuwa ameuliza. Akanisimulia lori lilivyozama kwenye tope la Lupembe na yeye akabaki na kiatu kimoja. Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Jua likaenda chini, mwavuli bado shambani, na hakuthubutu kuinuka.

"Kachukue mwavuli wako," nikasema mwishowe.

Kesho yake mwenyekiti alikuja kuniuliza kama nimesamehe. Nikamjibu kilima kibaki wazi.

Msimu uliofuata mume wangu alishauri maharage tuyahamishie upande wa pili wa nyumba, yawe salama. Nilikataa. Niliyapanda palepale, kwenye njia ya upepo.